Mionzi ya kansa ya prostati: juu ya nini mugonjwa analazwa palepale kila siku

Prostati ni tezi ya wanaume. Iko chini ya kibofu cha mukojo, mbele ya utumbo wa choo. Kansa ikiingia pale, moja ya matunzo ni mionzi, na kuna wagonjwa wa kwetu mashariki wanaovuka mupaka kuitafuta Kampala ao Kigali.

Mionzi haitolewi siku moja. Zamani ilikuwa kawaida kugawanya mara 37 ao zaidi, siku 5 kwa juma. Uchunguzi wa Uingereza unaoitwa CHHiP ulionyesha mwaka 2016 kwamba kwa kansa ambayo haijasambaa, mara 20 kwa majuma 4 inaweza kutosha. Lakini kila mara inabeba nguvu zaidi, kwa hiyo inaomba kulenga vizuri sana.

Shida ni kwamba prostati haitulii. Unaweza kulala sawasawa na jana, lakini kibofu kikijaa ao hewa ikiingia ndani ya utumbo, inasogea milimita kadhaa. Mionzi ikiikosa, kansa inabakia, na kibofu ao utumbo ndivyo vinaungua. Kisha mutu anaona mukojo unauma ao damu katika choo.

Wanafanya namna gani? Kwanza skaneri ya mpango, na alama ndogo kwenye ngozi ya nyonga. Alama peke yake haitoshi, juu inaonyesha ngozi tu, haionyeshi ndani. Hospitali zingine zinatia vipande vya dhahabu ndani ya prostati, mara nyingi 3, vidogo kuliko punje ya muchele, vinavyoonekana kwenye picha. Kila siku, mbele ya mionzi, mashine inapiga picha, wanailinganisha na ile ya mpango, kisha kitanda kinasogezwa milimita kwa milimita.

Mugonjwa naye ana kazi yake:
- kukojoa, kunywa maji na kungoja kwa kipimo na saa alizoambiwa;
- kwenda choo kikubwa mbele ya kuingia;
- kutofuta alama;
- kutotikisika kitandani.

Kama haukunywa maji, ao mukojo umekushinda njiani, sema bila haya. Watakushusha, utakunywa, utangoja. Nusu saa ya kungoja ni afazali kuliko mionzi kupita pembeni.