Gitaa, Chupa na Kiswahili cha Katanga: Mwenda wa Bayeke

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyezunguka Afrika na mtambo wake wa kunasia sauti, alimrekodi huko Jadotville, leo Likasi, kijana mpiga gitaa: Jean-Bosco Mwenda. Asikilizaye Masanga katika santuri hudhani kwamba wapigaji ni wawili. Kumbe ni gumba na kidole cha shahada cha mkono mmoja, kila kimoja na mwendo wake.

Imesemwa mara nyingi kwamba muziki huo ni uigaji tu, kwa kuwa gitaa lilitoka ng'ambo. Hoja hiyo hutazama chombo na kuisahau mikono. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika nchi ya Bayeke, ambao wazee wao walifuatana na Msiri kutoka Usumbwa, Tanzania ya leo. Gumba lililokwisha kuzoea likembe halikuwa na shida ya kuzoea nyuzi.

Jambo la chupa ni zito zaidi. Katika kambi za wafanyakazi wa migodi, gitaa lilifuatana na chupa tupu ya limonadi, iliyogongwa kwa kijiti au msumari. Wengine waliona humo umaskini wa vyombo. Lakini mlio ule mwembamba ulishika nafasi ya kengele ya chuma: mdundo usiobadilika, ambao wengine wote huutegemea ili wasipotee. Kitu cha mezani kilipewa kazi ya kale.

David Rycroft alipochapisha uchambuzi wake mwaka 1961 na 1962, alionyesha jinsi Mwenda alivyogeuza vipande vyake kila alipovirudia. Nota za karatasini, basi, ni picha ya siku moja.

Mwenda aliimba hasa kwa Kiswahili, kile cha «batu» na «batoto» ambacho walimu wa shule walikisahihisha kwa wino mwekundu. (Wapigaji wa Nairobi, alikofika pamoja na Edouard Masengo mwishoni mwa miaka ya 1950, hawakungoja sarufi ili wajifunze vidole vyake.) Ni ajabu kwamba lugha iliyoeleweka hadi Kenya iliitwa mbovu nyumbani kwake.

Mwaka 1969 alipiga gitaa Newport, Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Kanda za Tracey zinahifadhiwa Makhanda, Afrika ya Kusini, mbali sana na Likasi.