Kabla hujamwambia mtoto "wacha uoga"

Nianze na aibu yangu, ndio mjue hii stori inatoka wapi. Nilikuwa na miaka tisa. Tulitoka Kwanza tukaenda Nairobi, tukalala kwa anko, na kesho yake papa akatupeleka mahali pa michezo, sitataja wapi. Kulikuwa na rola kosta imeandikwa kwamba ni ya familia. Papa akasema twende. Nikasema siendi. Akanipa ile laini ambayo kila boy wa kwetu anaijua: mwanaume haogopi.

Tukakaa kiti kimoja. Chuma cha kutushika kikashuka, kikagota kwenye tumbo la papa, na papa si mtu mdogo. Kati ya kile chuma na mapaja yangu ungeweza kuweka mtungi wa maji. Kila tulipofika juu tukaanza kuporomoka, mimi niliinuka kabisa kwenye kiti. Papa alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nimeshika mshipi wake kwa mikono miwili.

Kwa miaka mingi nilijua tu kwamba mimi ni muoga. Halafu nikaanza kusoma hizi vitu zilitoka wapi, na sasa niko na maoni.

Mwanzo wake ni barafu. Warusi karibu na St. Petersburg walikuwa wanajenga milima ya mbao, wanaimwagia maji yagande, halafu wanateleza. Wafaransa wakaipenda, lakini theluji ya Paris si ya kutegemea, kwa hivyo wakaweka magurudumu. Kufikia 1817 Paris ilikuwa na vigari vilivyoshikwa kwenye reli. Mpaka leo Mfaransa huita rola kosta "milima ya Kirusi". Na Mrusi je? Anaiita "milima ya Kimarekani". Kila mtu anamsukumia mwenzake.

Mzizi wa pili ni kazi, si raha. Mwaka 1827 huko Mauch Chunk, Pennsylvania, walijenga reli ya kushusha makaa ya mawe mlimani. Mabehewa yaliteremka yenyewe, na nyumbu (mtoto wa punda na farasi, si yule wa Mara) waliyavuta tena juu. Hao nyumbu wenyewe walishuka wakiwa wamepanda behewa. Baadaye watu wakaanza kulipa washushwe, bila makaa yoyote.

Sisi pia tulikuwa na yetu, ila hakuna aliyeiita mchezo. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi 1899, halafu mbele ikakutana na ukingo wa Bonde la Ufa. Njia ya kudumu ya kuteremkia ilikuwa bado inajengwa, kwa hivyo wahandisi wakaweka njia ya muda: mabehewa yakawa yanashushwa kwa kamba za chuma kwenye mteremko mkali ajabu, hadi 1901. Fikiria uko pale juu, uhai wako umening'inia kwenye kamba, na hakuna aliyekuuliza kama unapenda. Kitale treni ilikuja kufika 1926, kwa hivyo wazee wetu wa huku walikosa hiyo noma. Tulibaki na matatu ya kushuka Kamatira.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mkae. Rola kosta ya kwanza ya biashara Marekani, ya LaMarcus Thompson pale Coney Island mwaka 1884, ilikuwa inaenda kama kilomita 10 kwa saa. Baiskeli ya mama mboga inaipita. Nauli ilikuwa senti 5, watu walikaa ubavu wakiangalia mandhari, na foleni ilikuwa refu. Hakuna aliyelia kwamba ni ya watoto.

Ushindani ndio ulioharibu mambo. Mwaka 1895, hapo hapo Coney Island, wakafungua Flip Flap, yenye kitanzi cha mduara kamili. Shida ya mduara kamili ni kwamba unatoka kwenye reli iliyonyooka unaingia kwenye pinda kwa ghafla, na shingo ndiyo inayolipa. Inakadiriwa mwili ulikandamizwa kwa karibu mara 12 ya uzito wake. Mtu wa kilo 60, hiyo ni kama magunia 8 ya mahindi ya kilo 90. Wewe unayetoka Trans Nzoia unajua gunia moja tu linavyokaa mgongoni. Watu waliumia shingo, na wengi waliona afadhali kusimama kando waangalie. Kitanzi kinachovumilika kilikuja kusimama California mwaka 1976, kwenye Revolution, kikiwa na umbo la tone la maji, pinda likianza pole pole. Miaka 81 ya kujifunza kwamba mwili haujali sana mwendo; mwili unajali mabadiliko ya ghafla.

Ndio maana "ya familia" ni neno gumu. Familia haina mwili mmoja. Ukikaa nyuma unavutwa kileleni kwa kasi kuliko wa mbele, kwa hivyo unanyanyuka zaidi. Chuma kimoja kikishika watu wawili, kinasimama kwa mnene, na mwembamba anabaki akielea. Papa na mimi tulipanda mchezo mmoja lakini safari mbili tofauti. Yeye alipanda ile ya Thompson. Mimi nilipanda ile ya kamba ya Bonde la Ufa.

Kwa hivyo mtoto akisema hataki, mimi sioni uoga. Naona mtu anayesoma vipimo vya mwili wake, na anavisoma vizuri kuliko wewe uliyeshiba nyama choma.

Mwaka jana tulienda maonyesho ya kilimo Kitale, mimi, papa na mtoto wa dada yangu, miaka saba. Tukafika kwenye zile bembea zinazozunguka juu. Akazitazama muda mrefu, akaniambia, "Anko, hiyo sitaki." Papa akafungua mdomo. Nikamwangalia. Akaufunga, akamshika mjukuu wake mkono, wakaenda kuona ng'ombe.