Mgeni, Mnazi na Hati

Kabla ya hati kuwa karatasi, watu wa mwambao walijua kutenganisha mti na udongo. Mgeni aliyefika kijijini akaomba pa kulima hakunyimwa. Alipanda mnazi, nao ukawa wake, akauvuna na hata kuuweka rehani; lakini ardhi iliyoushika ilibaki ya wenyeji. Kando ya desturi hiyo, mijini na kwenye mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, sheria ya Kiislamu iliitambua ardhi kuwa mali ya mtu binafsi inayouzika, inayorithika na inayowekwa wakfu. Katika upande huo wa pili ndipo mgeni wa ng'ambo alipopata mlango wake wa kwanza wa maandishi. Mkataba wa 1839 kati ya Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, na Uingereza uliwaruhusu raia wa Kiingereza kununua, kuuza na kukodi ardhi na nyumba katika himaya yake. Wafaransa walipata mkataba wao mwaka 1844.

Nusu karne baadaye dola zenyewe zilikuja kutafuta ardhi, na neno lililotumika lilikuwa kukodi. Mwaka 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani ya kusini kwa kampuni ya Kijerumani, na kabla mwaka haujaisha Abushiri bin Salim alikuwa vitani dhidi ya Wajerumani. Mwaka 1890 Ujerumani ililipa marki milioni 4 ili pwani hiyo iwe yake moja kwa moja. Kaskazini, ukanda wa maili 10 ulikodishwa kwa Waingereza mwaka 1895 kwa pango la kila mwaka. Kwenye ramani ulikuwa wa Sultani, na katika utawala wa kila siku ulikuwa wa gavana. Hali hiyo ya mashaka ilidumu hadi Oktoba 1963, Sultani alipoachia haki yake kwa ajili ya Kenya iliyokuwa karibu kupata uhuru.

Mwaka huohuo wa 1895, tarehe 26 Novemba, amri ya Kaiser ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya Taji. Kwa macho ya afisa wa kikoloni, pori la malisho na shamba lililopumzishwa havikuwa na mwenyewe. Waingereza walifuata njia ileile nchini Kenya. Sheria ya 1902 ilimpa mlowezi mkataba wa miaka 99, na ile ya 1915 ikaurefusha hadi miaka 999. Katika ukanda wa pwani, sheria ya 1908 ilimtaka kila mdai alete ushahidi wake ili apewe hati. Waliojua njia ya ofisini walitoka na umiliki wa kudumu. Wengi wa waliobaki, Wamijikenda wakiwa mbele, walijikuta maskwota, na mabishano ya hati zile yangali mahakamani.

Tanganyika, iliyokuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ilielekea kwingine chini ya Waingereza. Wajerumani walioshindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia walinyang'anywa mashamba yao kama mali ya adui, wakaruhusiwa kurudi kununua upya mwaka 1925. Wakati huo sheria ya 1923 ilikuwa imekwisha kuiweka ardhi yote, isipokuwa ile yenye hati za awali, chini ya gavana, na mtu akapewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Gavana huyo alikuwa mgeni vilevile, jambo ambalo Wameru waliofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951 kuwapisha walowezi hawakuhitaji kufafanuliwa. Mwaka uliofuata msemaji wao, Kirilo Japhet, alikuwa New York akiwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Serikali ilipofikiria kuruhusu umiliki wa kudumu, Julius Nyerere alipinga katika kijitabu chake cha 1958, Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa, wachache wenye fedha wataimaliza, nao huenda wakawa wageni.

Baada ya uhuru nchi ziliachana. Tanganyika ilifuta umiliki wa kudumu mwaka 1963. Mapinduzi ya Zanzibar yaliifanya ardhi kuwa ya serikali, na wakulima wakagawiwa eka tatutatu. Kenya ilihifadhi hati za kudumu, ikawa na masoko ya ardhi ambayo jirani zake hawakuyajua; sheria ya 1967 ilizuia mashamba ya kilimo yasiende kwa wageni bila idhini ya rais, lakini haikuvihusu viwanja vya ufukweni visivyo vya kilimo, na Malindi ikajaa nyumba za Waitaliano.

Ulegezaji wa uchumi ulilirudisha swali. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 ilisema asiye raia hatapewa ardhi ila kwa uwekezaji, tena kupitia Kituo cha Uwekezaji, kwa miliki isiyo asilia. Ndani yake mna kifungu ambacho mawakili hukipita haraka: katika kulipa fidia, ardhi iliyopatikana na asiye raia kabla ya sheria hiyo itahesabiwa kuwa haina thamani, isipokuwa maendelezo yaliyofanywa juu yake. Sijui kama waandishi wake walimkumbuka mgeni na mnazi wake. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, katika ibara ya 65, ilimwekea mgeni kikomo cha miaka 99, na waliokuwa na hati za kudumu au za miaka 999 wakapunguziwa. Kampuni huhesabiwa kuwa ya raia pale tu inapomilikiwa na raia peke yao. Zanzibar, kwa sheria ya 2010, ilimfungulia mgeni nyumba za ghorofa: ananunua fleti, ardhi haimo katika bei.

Mgeni mwenyewe amebadilika sura. Chukua watu wawili, mmoja wa Lunga Lunga upande wa Kenya na mwingine wa Horohoro ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ambao wote wamechukua uraia wa Kanada. Wa kwanza, kwa Katiba ya 2010, angali raia wa Kenya na anaweza kumiliki shamba la babake bila kikomo cha miaka. Wa pili, kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili, aligeuka asiye raia siku alipoapa Toronto. Ni kwa ajili yake muswada wa 2024 ulipelekwa bungeni Dodoma, ukipendekeza hadhi maalum na marekebisho ya Sheria ya Ardhi, ili aliyezaliwa Tanzania asisimame kwenye foleni moja na mwekezaji.