Kiambishi -ster na kazi za wanawake

Kiambishi tamati -ster, ambacho leo kinasikika katika maneno kama gangster na hipster, kilianza kama alama ya mwanamke na kazi yake. Katika Kiingereza cha Kale, kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kiliandikwa -estre na kilikuwa na mwenzake wa kiume, -ere. Mwanamume aliyeoka mikate aliitwa bæcere, mwanamke bæcestre. Kiswahili hakitenganishi jinsia ndani ya neno kwa namna hiyo: mwokaji ni mwokaji, awe nani. Kiholanzi, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kimeihifadhi tofauti hiyo, na zangster hadi leo ni mwimbaji wa kike.

Kufuma, kusokota nyuzi, kushona, kutia nguo rangi, kuoka: hizo ndizo kazi zilizobeba kiambishi hicho. Inayoeleza mengi zaidi ni ya kupika pombe. Katika vijiji vya Uingereza ya Zama za Kati, pombe ya shayiri iliyoitwa ale ilipikwa zaidi na wanawake majumbani mwao, na ziada ikauzwa kwa majirani upesi kwa sababu ilichacha baada ya siku chache. Mpikaji huyo ndiye brewster. Katika karne ya 15 ikaenea bia yenye hopsi, iliyotoka ng'ambo ya bahari, upande wa Uholanzi. Hopsi huzuia bia isichache, kwa hiyo iliwezekana kuipika kwa wingi na kuisafirisha mbali. Biashara ya namna hiyo ilitaka vyombo vikubwa, mtaji na mikopo, na sheria kwa kawaida haikumruhusu mke wa mtu kuweka mkataba kwa jina lake mwenyewe. Kufikia mwaka 1600 hivi, kazi hiyo kwa sehemu kubwa ilikuwa imeshikwa na wanaume.

Kiambishi nacho kilikuwa kimeanza kuhama, hasa kaskazini mwa Uingereza, ambako wanaume waliitwa kwa majina yaleyale ya -ster. Tanzania, wanaume walipoingia katika biashara ya mama lishe, walipewa jina lao, baba lishe. Waingereza wa kaskazini hawakuona haja hiyo. Majina hayo yakaganda kuwa majina ya ukoo: Baxter ni mwoka mikate, Dexter mtia rangi, Webster mfumaji. Noah Webster, aliyechapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza cha Marekani mwaka 1828, alibeba jina ambalo asili yake ni mwanamke aliyeketi kwenye kitanda cha mfumi.

Masikio yalipoacha kusikia uke katika -ster, Kiingereza kilitumia kiambishi kingine cha kike, -ess, kilichotoka Kifaransa. Ndiyo maana seamstress, mshonaji wa kike, ana alama mbili za uke, moja juu ya nyingine.

Kuanzia karne ya 16 kiambishi kikapata ladha ya kubeza. Rhymester ni mtunga mashairi hafifu, trickster ni laghai. Marekani ilikitumia kwa bidii zaidi: teamster alikuwa mwendesha mikokoteni ya wanyama, na jina hilo bado limo katika chama cha wafanyakazi kilichoundwa mwaka 1903, ambacho kimekuwa mashuhuri kwa madereva wa malori. Gangster alizuka mwishoni mwa karne ya 19, hipster miaka ya 1940 kati ya wapenzi wa jazi. Monster, yaani dubwana, si wa ukoo huu. Hilo lilitoka Kilatini.

Neno moja halikuwaacha wanawake: spinster, msokota nyuzi. Makarani waliliandika mbele ya jina la mwanamke kutaja kazi yake, na kufikia karne ya 17 likawa cheo cha kisheria cha mwanamke asiyeolewa. Baadaye likawa la dharau, la mwanamke anayedhaniwa amepitwa na umri wa kuolewa, na ni dhuluma kwamba jina la mtu aliyejilisha kwa mikono yake liligeuzwa hivyo. Desemba 2005 liliondolewa katika rejista za ndoa za Uingereza na Wales, pamoja na lile la kiume, bachelor. Tangu hapo wote wawili huandikwa kwa neno moja, single.