Hadhari ya Mafundi, tangu Tezo hata Msumeno wa Mashine

Katika vijiji vya waundaji wa vyombo, mithili ya Matondoni kisiwani Lamu na Nungwi katika ncha ya kaskazini ya Unguja, mwanagenzi aliyepelekwa kwa fundi hakukabidhiwa tezo mara moja. Aliokota vibanzi, aliteka maji na alinoa. Na katika kunoa ndiko alikoanza kufahamu, bila ya kuhubiriwa, kwamba chombo butu ni hasimu mbaya kuliko chombo kikali, maana kikali huuma mti pale kinapoelekezwa, ilhali butu hudunda, huteleza na kuutafuta mguu wa mwenye kukitumia.

Tezo hasa ndiyo iliyostahili kuogopwa. Bapa lake limekingamana na mpini, na seremala aghalabu husimama juu ya gogo, miguu kaitanua, akachonga kuelekea kwake mwenyewe. Kwa sababu hiyo nguo ilipigwa ubwinda, upindo usije ukaning'inia mbele ya makali. Keekee ilikuwa na upole zaidi: mkono mmoja huvuta na kusukuma uta, ugwe huuzungusha msukano, mkono wa pili hulikandamiza jivu kwa juu, na mkono ukikoma, chuma nacho hukoma papo hapo. Mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari, ulidai matundu mengi mno ya namna hiyo, na kila moja lilikwenda kwa mwendo wa mkono wa binadamu.

Wapo wanaoisifu kazi ya zamani kana kwamba haikuwa na damu. Mimi siafiki, kwa kuwa patasi haikupata kuwa na huruma kwa kiganja kilichowekwa mbele yake. Walakini nguvu ya chombo haikuzidi nguvu ya mtu, na hiyo ndiyo hali iliyobadilika.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na karakana zake zikaleta mashine ambazo hazikungoja pumzi ya fundi. Mkanda unaozunguka ukikamata mkono wa kanzu haujui kwamba umekamata mtu. Huko Uingereza somo hilo lilikwisha kulipiwa kwa viungo vya watu: sheria ya mwaka 1844 iliamuru mitambo ya viwanda vya nguo izungushiwe kinga, ikakataza vijana wasiisafishe ikiwa katika mwendo, na kanuni za mwaka 1922 juu ya mashine za useremala zikataka msumeno wa duara ufunikwe kwa juu, na nyuma yake pawe na kisu cha chuma kinachozuia mpasuo usijifunge. Kisu hicho ni kitu kidogo chenye faida kubwa, kwani mti ukiubana msumeno hurushwa kwa kishindo kurudi ulikotoka, na anayesimama huko ni fundi.

Tanganyika ilipata Sheria yake ya Viwanda mwaka 1950, iliyofuata kwa kiasi kikubwa ile ya Uingereza ya mwaka 1937. Ilikuwa sheria njema, lakini, kama jina lake lilivyodhihirisha, macho yake yalikuwa kiwandani. Haikutupiliwa mbali ila mwaka 2003, ilipotungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, nayo ikapanua mipaka hata nje ya viwanda. Upanuzi huo ulikuwa wa lazima, madhali jenereta limekwisha kuufikia ufuko, na keekee ya umeme hutoboa kwa nukta chache tundu lililomchosha babu, ikaendelea kuzunguka kidole kisipoachia swichi. Wengi huifungua kinga ya msumeno kwa madai kwamba inachelewesha kazi, na kusema kweli huichelewesha. Ndiyo maana sheria haikumwachia fundi hiari ya kuiondoa.