Kiharusi cha majaribio kwa panya

Kiharusi cha majaribio ni kiharusi anachosababishiwa panya wa maabara kwa upasuaji: damu huzuiwa isifike sehemu ya ubongo, kisha mara nyingi huachiwa ipite tena, ili watafiti wachunguze jinsi ubongo unavyokufa na unavyoweza kuokolewa. Inapoachiwa, cha muda ni kuziba kwa mshipa tu. Jeraha la ubongo hubaki.

Mshipa unaolengwa ni ateri ya kati ya ubongo, ambayo huhusika sana hata katika kiharusi cha binadamu. Njia maarufu zaidi ni ya uzi, iliyoelezwa na Koizumi na wenzake huko Japani mwaka 1986 na kuboreshwa na Longa mwaka 1989. Hao walitumia panya wakubwa. Baadaye ikarekebishwa ifae panya wadogo, wenye gramu 20 hadi 30. Panya akiwa chini ya nusukaputi, uzi wa nailoni wenye ncha ya silikoni hupitishwa katika ateri ya shingo mpaka uzibe mlango wa ateri ya kati. Fuvu halifunguliwi, na hapo ndipo ulipo werevu wa mbinu hii. Uzi huvutwa nje baada ya muda, mara nyingi dakika 30 hadi 60.

Kazi hii inataka mkono mwepesi. Uzi ukisukumwa kupita kiasi hutoboa mshipa. Ukiwa mwembamba mno hauzibi. Ndiyo maana mtiririko wa damu hupimwa kwa leza. Joto la mwili nalo hudumishwa karibu nyuzi 37, kwani ubongo uliopoa huumia kidogo na dawa isiyofaa kitu ikaonekana imeponya. Akizinduka, panya huwa dhaifu upande ulio kinyume na jeraha, na pengine huzunguka mahali pamoja. Mwishoni ubongo hukatwa vipande na kutiwa rangi ya TTC: palipo hai huwa pekundu, palipokufa hubaki peupe.

Panya wamepona kwa dawa nyingi ambazo hazikumfaa mgonjwa. Mapitio ya mwaka 2006 yalihesabu tiba 1,026 zilizowahi kujaribiwa. Dawa ya NXY-059 ilileta matumaini katika jaribio la kwanza kwa wagonjwa, ikashindwa katika la pili, lililochapishwa mwaka 2007. Si ajabu sana: panya wengi walikuwa vijana wenye afya, ilhali wagonjwa wengi ni wazee wenye shinikizo la damu au kisukari, wanaofika hospitali saa kadhaa zimepita. Tafiti nyingi pia hazikumficha mpimaji ni panya yupi aliyepewa dawa.

Kwa muda mrefu uzi ulilaumiwa kwa kurudisha damu ghafla, tofauti na bonge la damu linaloyeyuka polepole. Lawama hiyo ilipungua mwaka 2015, majaribio kadhaa yalipothibitisha faida ya kuvuta bonge kwa mrija, maana huko nako damu hurudi ghafla. Dawa za kukinga ubongo sasa hujaribiwa kwa wagonjwa wanaovutwa bonge hivyo. Mojawapo, nerinetaidi, haikuonyesha faida kwa jumla katika jaribio kubwa la mwaka 2020.