Kilimo cha miembe: Mche uliobebeshwa, nafasi na vita dhidi ya nzi wa matunda

MWEMBE ni miongoni mwa miti ya matunda iliyozoeleka mno nchini, kiasi kwamba wengi huamini hauhitaji matunzo. Asili yake ni Kusini mwa Bara la Asia, na kwa jina la kitaalamu huitwa Mangifera indica. Miembe mikongwe ya Ujiji na Tabora ni kumbukumbu ya njia za misafara ya karne ya 19.

Hata hivyo, mwembe wa kivuli na mwembe wa biashara ni vitu viwili tofauti. Wakazi wa mijini wanaonunua mashamba Mkuranga, Kibaha au Bagamoyo wanapaswa kuitambua tofauti hiyo mapema, kwani kosa la siku ya kupanda huonekana baada ya miaka kadhaa, fedha zikiwa zimekwishatumika.

Kosa la kwanza ni kupanda kokwa la embe lililonunuliwa sokoni. Aina nyingi za kisasa, zikiwamo Kent, Keitt na Tommy Atkins, hazizai mti unaofanana na mama yake zikipandwa kwa mbegu. Aidha, mti wa mbegu huweza kuchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa.

Njia ya uhakika ni kubebesha. Kokwa la embe la kienyeji huoteshwa ili kupata shina lenye mizizi imara, kisha kikonyo kutoka mti bora hupachikwa juu yake na kufungwa kwa utepe wa plastiki. Mche wa namna hiyo huanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa nne. Ni vyema mnunuzi aukague: sehemu ya kiungo iwe imeshikana vizuri, na machipukizi yanayoota chini yake yaondolewe.

Mwembe hustawi vizuri kuanzia usawa wa bahari hadi mita 1,200. Huhitaji kipindi cha ukame cha miezi miwili hadi mitatu ili utoe maua. Mvua ikinyesha wakati wa maua, ugonjwa wa chule, unaosababishwa na ukungu, huyafanya yawe meusi na kupukutika. Ubwiri unga nao huyafunika maua kwa vumbi jeupe.

Nafasi ya mita 10 kwa 10 hutoa miti 100 kwa hekta, sawa na takriban 40 kwa ekari. Shimo la sentimita 60 kila upande hujazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Miaka ya mwanzo, nafasi iliyo kati ya miche hutumika kwa kunde, choroko au karanga. Mche hupogolewa ungali mdogo ili ubaki na matawi makuu matatu au manne yaliyoachana, na mti usirefuke kupita kiasi.

Adui mkubwa ni nzi wa matunda. Aina ngeni kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, ilibainika Afrika Mashariki mwaka 2003. Jike hutoboa ganda na kutaga mayai ndani. Funza hula nyama ya tunda, kisha huingia ardhini na kugeuka nzi kamili. Madhara yake si ya shambani pekee. Mwaka 2014 Kenya ilisitisha yenyewe kuuza maembe katika Umoja wa Ulaya kutokana na mdudu huyo, na biashara hiyo ilifunguliwa tena mwaka 2021.

Kunyunyizia dawa peke yake hakutoshi, kwa kuwa funza amejificha ndani ya tunda. Maembe yaliyoanguka yaokotwe mara kwa mara na kufukiwa kina cha sentimita 50 au zaidi, au yafungwe ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuanikwa juani hadi funza wafe. Mitego yenye kivutio cha methili yujeno hunasa madume. Hali kadhalika, sisimizi aina ya maji moto, ambao wakulima wengi huwachoma moto kwa sababu ya kung'ata, huwafukuza nzi hao wasitage.

Nzi huyo hushambulia pia mapera na machungwa, na huruka kutoka shamba hadi shamba. Kwa hiyo, mkulima msafi aliyezungukwa na majirani wanaoacha matunda yaoze chini ya miti ataendelea kupata hasara. Usafi wa mashamba hauna budi kuwa jambo la kijiji kizima.

Wakati wa kuvuna, embe likatwe na kikonyo kifupi badala ya kupukutishwa kwa fimbo. Utomvu ukimwagikia ganda huliunguza, na tunda lililoanguka huoza upesi hata kama kwa nje linaonekana zima. Mteja wa mjini hulipia embe lisilo na doa.